Mikono ya Kuazima

Odilia ni mtoto wa marehemu dada yangu, na haya yamemkuta yeye mwenyewe, si habari za kusikia kwa watu. Alinisimulia nikimtazama usoni, na mimi sidanganyiki kirahisi.

Siku yenyewe ilianza kama siku nyingine. Mvua ya Guangzhou ilikuwa imenyesha alfajiri, ile mvua ya moto isiyopoza kitu, na nguo alizoanika kwenye nondo za dirisha zilikuwa zimelowa upya. Odilia akanywa uji, akaosha kikombe, akakaa mbele ya kompyuta kuendelea na bibi harusi mmoja wa Kinshasa aliyetaka kupunguzwa kiuno. Watu hula mwaka mzima mpaka kiuno kijae, wakishaolewa wanataka Odilia akiondoe kwa kubonyeza.

Alikwenda China kununua nguo, kama wenzake wote. Biashara ya nguo ikamshinda kwa sababu inataka mtu wa kubembeleza wateja, na yeye kubembeleza hajui, kwetu hakuna aliyemfundisha. Kijana mmoja wa Bukoba, Kassian, aliyekuwa akisoma huko, alimwonyesha kuediti picha za harusi kabla hajamaliza chuo na kurudi nyumbani. Hapo ndipo Odilia alipopata mkate wake. Waafrika wa Guangzhou wanaoana huko huko, ukumbi wa hoteli, gauni la bei ya jumla, na picha zinakuja kwake. Anafuta jasho, anang'arisha meno, ananoa. Kunoa, kwa lugha ya kazi yao, ni kuifanya picha iwe kali: ukungu unaondoka, kila kope inasimama peke yake.

Lakini waliomlisha Odilia hasa ni marehemu.

Wapiga picha wa siku hizi hawaulizi tena. Wakisikia mzazi wa bibi harusi ameshakufa, wanaacha nafasi kwenye mstari, upana wa mtu mmoja, na watu wanasimama wakitabasamu kando ya pengo. Kuliziba pengo ni kazi ya mtu kama Odilia. Shida ni kwamba wazee wetu wanakufa bila picha. Unaletewa sura tu, ya kitambulisho, mtu amepigwa amekasirika. Sura haina mabega wala miguu. Mwili utoke wapi?

Odilia alikuwa akiwaazima wake.

Alitundika shuka la kijani ukutani. Akanunua magauni ya kizee pale pale Sanyuanli, kwenye majengo ya jumla yaliyo chini ya dirisha lake. Marehemu akija, Odilia anavaa, anasimama, anajipiga picha, kisha anajikata kichwa na kuweka cha mwenye harusi. Umbo la mama mkwe Mungu alimpa mapema, kabla hata ya kumpa mchumba. Mwili ule umesimama kwenye harusi za watu wa Mwanza, wa Kisumu, wa Goma, na mwenyewe hakualikwa hata moja akala pilau.

Kitu kimoja tu hakukionyesha kamwe, nacho ni mikono. Mikono humsema mtu. Alikuwa akiificha nyuma ya bibi harusi, au anaifunika kwa kitenge, au anaishikisha mkoba. Hakuna mteja aliyewahi kuiulizia mpaka siku ile alipokuja Flavia.

Flavia alikuwa mfanyabiashara wa mtaa wa Xiaobei, mtu wa Mwanza, mwembamba, msemaji, simu tatu mkononi. Alikuwa ameolewa mwezi uliopita na Mkenya mmoja wa mizigo, Mutiso, ambaye siku nzima anashinda bandarini Huangpu akihangaika na makontena. Alikuja na sura ya marehemu mama yake ya kitambulisho, na picha moja ya harusi. Amepiga magoti kwenye zulia la hoteli, gauni jeupe limemzunguka, kichwa ameinamisha. Nyuma yake hapana mtu.

"Mama naomba asimame hapa," akasema. "Aniwekee mikono kichwani. Yote miwili."

"Mikono sifanyi. Nitamshikisha mkoba mzuri."

"Dada, mkoba wa nini? Hii ni baraka. Umeona wapi mtu anabarikiwa kwa mkoba?"

Jikoni mtu akacheka. Alikuwa Kazija, msichana wa Unguja anayesoma udaktari huko kwa ufadhili, wanakodi nyumba moja na Odilia, chumba huku na chumba kule. "Da Odi, muwekee bwana," akasema. "Mwenzio kaolewa, mkoba anao."

Flavia akaeleza. Mama mkwe wake anakuja kutoka Machakos kuwatembelea. Maneno yalikuwa mengi kule, kwa sababu Mutiso alikuwa na mke kabla, na watoto, na watu walisema mengi kuhusu namna yule mwanamke alivyoachwa. Mama mkwe alitaka kujua kitu kimoja tu: huyu mkwe mpya mamaye alimbariki, au alimkataza?

"Na alikubariki kweli?" Odilia akauliza, akiitazama ile sura ya kitambulisho. Mama mwenye paji pana, mdomo umefungwa kama pochi.

"Alinibariki, hospitalini, kitandani. Hakuna aliyekumbuka kupiga picha. Nani anampiga picha mgonjwa?"

Jibu lilifika kabla swali halijatua. Odilia aliliona hilo, lakini kodi ya nyumba haingojei mtu achunguze ukweli wa wateja. Akaikubali kazi.

Mchana ule ule akavaa gauni la kizee, la maua ya zambarau. Kamera akaiweka kwenye miguu yake mitatu, akaitegea. Kazija akapiga magoti mbele yake badala ya bibi harusi, taulo kichwani kama shela.

"Haya, nibariki," Kazija akasema. "Niombee mume mwenye kontena, na awe yatima."

"Nyamaza, kichwa kinatikisika."

Odilia akashusha mikono. Vidole vikatandaa juu ya taulo, kama mapadri wanavyofanya, kama alivyoona kwenye harusi za nyumbani. Kamera ikalia. Ikalia tena. Kazija akawa kimya, naye si mtu wa kuwa kimya.

"Da Odi," akasema baadaye, akitoka chini ya ile mikono. "Umeshika barafu?"

Odilia akakaa kazini. Kichwa cha marehemu kiliingia vizuri, mabega yakakubali. Mikono ndiyo iliyomsumbua. Sura ilikuwa ya mwanamke wa miaka sabini, mikono ya mtu wa arobaini anayejipaka losheni. Akaanza kuinoa ili izeeke. Akanoa kidogo, mishipa ikajitokeza. Akanoa tena, makunyanzi yakaja, na ngozi ikawa kavu kwenye vifundo. Alifurahi, inasimama vizuri. Akavuta picha karibu aone kazi yake.

Kwenye ukucha wa dole gumba la kulia palikuwa na mpasuko. Mweusi, mwembamba, kutoka kwenye nyama mpaka ncha.

Odilia akatazama dole gumba lake mwenyewe. Zima, na rangi nyekundu aliyopaka Jumapili. Programu za siku hizi zinabuni, usipoziangalia zinamwotesha mtu sikio la tatu. Akaufuta ule mpasuko, ukafutika. Akanoa, ukarudi. Akaufuta tena, akanoa, ukarudi pale pale. Mwishowe akauacha. Kwa umri ule, alijiambia, ukucha uliopasuka unapendeza.

Duka la kuchapa liko mtaa wa pili. Mwenyewe, laoban kama wanavyowaita mabosi huko, hakuwahi kumsemesha Odilia zaidi ya bei. Siku ile alilitandaza turubai la picha mezani, akainama, akanyoosha kidole kwenye mikono. "Bu xing," akasema, haifai. Akaonyesha kwa ishara: picha nzima laini, mikono peke yake mikali, imetokeza kama imepachikwa juu ya kitambaa. Odilia akamwambia afunge tu. Laoban akalikunja turubai kwa kulishika pembeni, na katikati hakugusa.

Flavia alipoiona alilia, akaichukua, na Odilia akamsahau.

Ilianza na baridi. Ilikuwa mwezi wa sita, Guangzhou inachemka, watu wanalala kwenye vigae, na Odilia vidole vinamwuma kama ameosha samaki wa friji. Kisha asubuhi moja aliamka mikono yake iko kwapani. Si kwa kujikunyata, maana mtu aliyejikunyata hujikumbatia. Hii ilikuwa imeingizwa, wa kulia kwapa la kushoto, wa kushoto kwapa la kulia, vidole vyote ndani, vimebana. Akaitoa, akanawa uso.

Asubuhi iliyofuata ilikuwa hivyo hivyo. Na iliyofuata.

Siku moja walikuwa wanakula Xiaobei, kwa mama mmoja anayepika ugali na samaki wa kukaanga ghorofani. Kazija alikuwa amemega tonge lake la tatu.

"Umenuna?"

"Sijanuna."

"Mbona umekunja mikono kama mtu aliyenyimwa nyama?"

Odilia akatazama chini. Sahani yake ilikuwa haijaguswa. Mikono haikuwa mezani. Ilikuwa kwapani, na yeye hakuisikia ikiondoka.

Alicheka mbele ya Kazija. Lakini tangu siku hiyo akawa anaitazama. Akiwa anangoja kompyuta imalize kazi, anaiona inateleza mezani taratibu, kama watu wawili wanaotoka kanisani kabla ya mahubiri kwisha. Akiirudisha, inarudi. Kila siku inazidi kuwa mizito kuirudisha.

Na ikaja ile asubuhi ya treni. Alikuwa stesheni ya Sanyuanli, watu wamejaa, geti linataka simu. Simu iko mfukoni. Mikono iko kwapani. Akaiambia itoke. Haikutoka. Akavuta kwa mabega. Vidole vikazidi kuingia. Nyuma yake mtu akakohoa. Mwingine akamsukuma. Akavuta tena. Vidole vikaushika ubavu, kila kimoja mahali pake, vikashikilia kama mtu anayening'inia.

Akageuka, akarudi nyumbani kwa miguu, mikono imekunjwa, watu wakimpisha wakidhani ni mwanamke mwenye hasira. Kitufe cha lifti alikibonyeza kwa pua. Kazija alipofungua mlango na kuambiwa, hakucheka. Alishika kiwiko, akaweka mguu ukutani, akavuta.

"Inavutana na mimi," akanong'ona.

"Mimi sivuti, Kazija. Nimelegea kabisa."

Walifanikiwa kutoa dole gumba moja, la kulia, mpaka kwenye kifundo. Ukucha ulikuwa umepasuka katikati, kutoka kwenye nyama mpaka ncha, na rangi nyekundu imegawanyika huku na huku. Kisha dole gumba likarudi ndani.

Hospitali walikwenda. Daktari akapiga picha za mifupa, akachoma sindano, akaandika kwamba ni mawazo. Alikuwa daktari wa mifupa, si haki kumlaumu kwa kisicho mfupa.

Huko Guangzhou Odilia bila mikono si kitu. Hana duka, hana mume, hana kontena njiani. Ana vidole kumi na kompyuta. Kazija akawa anamlisha uji kwa kijiko, anamvisha, anampeleka chooni, na mitihani yake inabisha hodi. Wateja wakaandika, wakaandika tena, kisha wakatafuta mtu mwingine. Odilia anasema hakulia. Mimi namwamini, maana angelia nani angemfuta machozi.

Kazija ndiye aliyelisema. "Haya yote yalianza baada ya ile baraka."

"Baraka gani?"

"Ile ulonibariki mie badala ya Flavia. Mpigie."

"Nimpigie kwa pua?"

Kazija akampigia. Flavia akasema njooni tu, karibuni chakula.

Walifika kwake adhuhuri, ghorofa ya juu, dirisha linatazama barabara ya juu ya magari. Flavia alifungua mlango na kicheko mdomoni. Akamwona Odilia amesimama pale kizingitini, mikono kwapani, kichwa kimeinama kidogo kwa uchovu. Kicheko kikakatika. Akarudi nyuma, akarudi nyuma, mpaka miguu ikagonga kochi.

"Nani amekuonyesha?" akanong'ona.

"Amenionyesha nini?"

"Kusimama hivyo."

Kazija akafunga mlango. Flavia alikaa, akawa anaongea akitazama zulia. Mama yake alikuwa kitandani, amebaki mifupa, akili zake timamu. Flavia akapiga magoti pembeni ya kitanda, akainamisha kichwa, akaomba. Mama alikuwa na mikono juu ya blanketi. Akaitazama kwanza. Kisha akaiinua na kuitia kwapani, wa kulia huku, wa kushoto kule.

"Akaniambia, nenda kwa mwenye mume ukaombe. Yeye ndiye wa kukubariki, si mimi. Hakuitoa tena. Akakata roho hivyo. Wanawake waliomwosha walijaribu maji ya moto, wakajaribu mafuta. Tulimzika hivyo."

Chini magari yalipita.

"Na dole gumba?" Odilia akauliza.

"Dole gumba gani?"

"La kulia. Ukucha."

Flavia akaweka mkono mdomoni. "Alijigonga kwa mchi, nikiwa mdogo. Haukuungana." Akamtazama Odilia. "Nani alikwambia? Kwenye kitambulisho hauonekani."

"Mikono aliyokunyima yeye," Odilia akasema, "ukaja kuitafuta kwangu."

"Mimi niliomba picha tu, dada."

Picha yenyewe ilikuwa juu ya kochi, imeshika ukuta mzima. Flavia amepiga magoti, mama amesimama nyuma yake na gauni la maua ya zambarau. Sura ya mama ilikuwa imefifia kidogo, kama sura zote za kitambulisho zikikuzwa. Mikono haikufifia. Ungeweza kuhesabu vinyweleo. Na vidole havikuwa vimetandaa kama mapadri wanavyofanya. Vilikuwa vimejikunja, kucha zimeingia kwenye shela, kama vya mtu aliyeshikishwa kitu kwa nguvu anatafuta pa kuponyokea.

"Sikuiweka hivyo," Odilia akasema.

"Mkasi uko wapi?" Kazija akauliza.

Flavia akasimama mbele ya picha. "Mama mkwe anafika Ijumaa. Mutiso ameshawatumia ukoo mzima, wameiona, wamenyamaza. Nikiitoa nitasema nini?"

Odilia akafungua mdomo amwambie la kusema, maana alikuwa nalo. Pumzi haikuingia. Vidole vilikuwa vinakaza. Kushoto. Kulia. Kushoto tena. Akakaa chini. Akajaribu kuvuta hewa, ikaishia kooni. Ukuta ukawa unakuja na kurudi.

"Da Flavia," Kazija akasema taratibu, akiwa amepiga magoti, sikio kifuani kwa Odilia. "Huyu hapumui."

Flavia akamtazama Odilia. Akaitazama picha. Akamtazama Odilia.

"Ijumaa ipite tu," akanong'ona. "Ijumaa tu."

Mfupa wa ubavu ukalia. Wote watatu waliusikia.

Hapo Flavia akaenda jikoni. Akarudi na mkasi wa kukatia mikanda ya marobota, akapanda juu ya kochi na viatu vyake. Alianza na mkono wa kushoto, kwenye kifundo. Akasita.

"Linakatika kama nyama," akasema, na sauti haikuwa yake.

"Kata," Kazija akasema.

Akakata. Mkono wa kushoto wa Odilia ukatoka kwapani peke yake, ukaanguka zuliani kama kitu cha mtu mwingine. Hewa ikaingia. Flavia akaendelea na wa kulia. Lakini ile mikono ilikuwa imekishika kichwa cha bibi harusi, na hapakuwa na namna ya kuitoa yenyewe tu. Akazunguka na mkasi kwenye paji lake, kwenye masikio yake, kwenye shela. Kipande kikatoka kizima: mikono miwili na kichwa chake mwenyewe ndani yake. Ukutani akabaki mama asiye na mikono, na mbele yake gauni jeupe limepiga magoti bila mtu.

Kipande kile walikichoma kwenye sufuria, roshani, mchana kweupe. Kilitoa moshi mwingi kwa kitu kidogo vile.

Mama mkwe alifika Ijumaa akakuta ukuta mtupu. Akauliza, akajibiwa, na yaliyojibiwa ni ya wenyewe.

Odilia akarudi kazini, kifua kimefungwa bandeji. Vidole vilimtii, vina joto, vinabonyeza. Wateja wachache wakarudi. Mwili wake hakuuazima tena. Marehemu wakija bila miili anawaweka kwenye fremu ukutani nyuma ya maharusi, kichwa tu, anayetaka achukue, asiyetaka aende. Ukucha ndio haukuungana. Alidhani mambo yameishia hapo.

Kilichofuata ni mlango. Milango mingi ya huko haina ufunguo, ina kidole: unaweka kidole, inakutambua, unaingia. Odilia alitoka sokoni na mifuko, akaweka kidole. Mlango ukalia, ukakataa. Akakifuta, akaweka kingine. Akaviweka vyote. Kazija akamfungulia kwa ndani, akamwambia mikono ya kazi hiyo, alama zimelika. Mwenye nyumba akaja, akasema ni betri, akamwandikisha upya. Simu nayo ikamkataa siku hiyo hiyo. Hiyo mwenye nyumba hakuulizwa.

Odilia akampigia Flavia kumtukana. Alikuwa na matusi aliyoyaweka akiba tangu ubavu uvunjike, na katikati ya matusi akalitaja lile la mlango. Flavia akakata simu.

Asubuhi yake Flavia alikuja, peke yake, bila kuitwa. Alikuwa na kitu kimefungwa kwenye kanga. Akakiweka mezani, akakifungua. Kufuli. Dogo, jeusi, yale ya kidole, yanauzwa jumla Guangzhou kama karanga.

"Nilimpelekea mama la sanduku lake," akasema kwa sauti ya chini. "Akaandikisha kidole chake, hakutaka cha mtu mwingine. Baada ya mazishi wajomba walikata komeo kwa msumeno. Ndani mlikuwa na vitenge viwili na sabuni. Kufuli lenyewe halijafunguka tangu hapo. Nimelichaji."

"Sitaki."

"Weka, dada. Likikataa naondoka, hutaniona tena."

Kazija alikuwa mlangoni na vitabu vyake, anakwenda chuo. Hakwenda.

Odilia akaweka dole gumba la kulia. Kitaa kikawaka kijani. Kufuli likafunguka.

Flavia hakulia. Alishuka kwenye kiti, akapiga magoti juu ya vigae, akavua kitambaa. Akainamisha kichwa mbele ya Odilia, karibu kabisa, nywele zimegawanywa katikati.

Mikono ilikuwa mezani, mizima, imetulia. Odilia akaitazama. Akaiinua. Ikapita juu ya kile kichwa, karibu kukigusa, ikaendelea, ikaingia kwapani, wa kulia huku, wa kushoto kule.

Anasema safari hii aliificha mwenyewe. Nilimwuliza mara mbili, akanijibu hivyo mara mbili. Kufuli liko pale pale mezani, wazi, na katika nyumba ile hakuna aliyethubutu kulifunga.